Usikate silabi za Kifaransa kwa kufuata vistari!

Usizipeleke kiwandani hizo kadi za silabi za Kifaransa, mwalimu. Umesema umeshakata arc / en / ciel (upinde wa mvua) na bon / homme (jamaa) kwa ajili ya darasa la watoto, na unauliza kama uko sawa. Hauko sawa.

Mimi nilichapisha vijitabu 200 hapa Bujumbura kwa pesa yangu, vyote vimekatwa hivyo hivyo. Siku ya kwanza watoto wakasoma kwa makofi: bon, pa! homme, pa! Mama wa mtoto mmoja, aliyekulia Ufaransa, alikuwa amesimama mlangoni. Akaniuliza taratibu, "Mwalimu, hilo ni neno gani?" Hakulitambua kabisa!

Bonhomme hutamkwa bo-nomme. H haisikiki, kwa hiyo n inakutana na irabu na kuhamia kwake, na ikishahama, ile o ya kwanza haipiti tena puani. Sasa tazama wingi wake, bonshommes: inayohama ni s, ikisikika kama z, na on inabaki puani, bon-zomme. Arc-en-ciel ni ar-ken-ciel. Porc-épic, yaani nungunungu, ni por-ké-pic. Grand-oncle, kaka wa babu au bibi, ni gran-toncle, d imegeuka t kabisa. Chou-fleur, yaani koliflawa, inakatika penye kistari kwa sababu tu hakuna konsonanti ya kuhama.

Aliyeniponza ni mhariri niliyemlipa apitie kazi. "Kata palipoungwa, maneno ambatani ndivyo yalivyo." Alisema bila hata kupepesa macho! Kistari kinamfaa mpanga kurasa, mdomo haukijui. Pesa yangu akala, vijitabu vimejaa stoo, na watoto wale ilinichukua muhula mzima kuwaondolea ile bon.

Kanuni ni moja: sikio kwanza, mkasi baadaye. Na sisi Waswahili tusikosee hapa, maana silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu. Nani hukata mwanafunzi akasema mwan-af-unz-i? Konsonanti huenda na irabu inayoifuata, na Kifaransa nacho hupenda hivyo hivyo, hata mahali maneno mawili yalipounganishwa.

Leo usiku mtafute mtu anayekizungumza vizuri, akutamkie maneno yako yote bila kuona kadi. Wewe piga makofi, andika unachosikia. Ile ya bon / homme ichane kabisa.