Maswali ya wasomaji: bekapu inakataa tangu tubadilishe disiki

SWALI: Jambo mukubwa. Niko na studio ya picha hapa Birere, Goma. Mashini yetu ilikuwa nzito sana, basi fundi mmoja akatuwekea SSD, disiki mpya ya haraka, akakopi yote ya disiki ya zamani kwa ile mpya, Windows na picha za ndoa na kila kitu, sasa inawaka haraka na tulifurahi. Disiki ya zamani akaiacha ndani ya mashini, akasema itabaki akiba. Lakini tangu siku ile bekapu ya usiku, ile kopi ya akiba inaendaga kwa disiki ya nje, inaanza kisha inasimama na kuandika makosa ya volyumu (sehemu ya disiki, kama C ao D). Nikiangalia ile disiki ya zamani kwa Windows imeandikwa Offline, ni kusema imefungwa. Fundi mwingine anasema imekufa, tununue ingine. Ni kweli? Kuko picha za wateja za miaka mingi mule, naogopa sana. (Mama wa studio, Birere)

JIBU: Mama, pole, na tafadhali usinunue kitu kwanza. Hakuna kitu kwenye barua yako kinaonyesha disiki imekufa, Windows yenyewe ndiyo imeifunga, na iko na sababu.

Kila disiki iko na namba yake ya utambulisho imeandikwa ndani. Kuko namna mbili za kupanga disiki, ya zamani MBR na mpya GPT: disiki ya MBR iko na namba ya alama 8, ya GPT ni ndefu, alama 32. Sasa fundi akikopi disiki nzima vile ilivyo, mara nyingi na ile namba inaenda pamoja na picha (programu zingine za kukopi zinaibadilisha, zingine hapana), na Windows haikubali disiki mbili za namba moja zifunguke pamoja. Ni sawa na watu wawili wafike benki na kadi moja ya mpiga kura, mmoja lazima abaki nje. Bekapu nayo inaumia hapo hapo, juu programu nyingi za bekapu hazitafuti volyumu kwa herufi ya C ao D ile unaona wewe, zinaitafuta kwa namba, na kabla ya kukopi zinaomba Windows ipige picha ya volyumu (si ya kamera, ni nakala ya vile iko saa ile) ili hata faili zilizo wazi zikopike. Ikikuta namba moja pahali pawili, ao ile volyumu inayoikumbuka imefungwa, inasimama.

Jaribio la kwanza halina gharama. Zima mashini, chomoa disiki ya zamani, washa tena, kisha anzisha bekapu kwa mkono. Ikipita, umeshajua ugonjwa ni nini. Naomba mafundi wote wa hapa mjini waanze na hiyo kabla ya kumuuzia mtu disiki, maana makuta ya studio hayaokotwi barabarani.

Ukitaka kuhakikisha kwa macho, rudisha disiki, fungua dirisha la amri (Command Prompt) kama administreta, andika diskpart, ile programu ya Windows ya kushugulikia disiki, kisha list disk. Andika select disk 0, uniqueid disk, halafu vile vile kwa disk 1. Namba zikifanana, ni hiyo. Na hapa Mama nenda polepole: usibadilishe namba ya disiki inayowasha mashini! Kwa MBR, Windows inatafuta pahali pa kuwakia kwa kufuata ile namba, ukiibadilisha kesho mashini haiwaki na wateja wako mulangoni. Kwa kila disiki, ukishaichagua na select disk, andika detail disk, itakuambia kama ni Boot Disk, Yes ao No. Ile ya No, na uone kabisa kama ukubwa na jina ni la disiki ya zamani, ndiyo unaichagua na select disk na kuipa namba mpya: uniqueid disk id= na alama 8 za kwako, tarakimu 0 mpaka 9 na herufi A mpaka F. Kama ni GPT inataka namba ndefu, andika New-Guid kwa PowerShell, dirisha lingine la amri la Windows, itakutengenezea moja. Na mule ndani ya diskpart neno clean usiliguse, linafuta orodha yote ya volyumu.

Kuko na njia fupi, kubonyeza Online tu pale uliona Offline, Windows inaipa disiki namba mpya yenyewe. Inasaidia, ila ujue ile disiki ukiirudisha siku moja iwashe mashini inaweza kukataa.

Kisha fungua programu ya bekapu, toa volyumu zilizochaguliwa zamani, chagua upya, watu wengi wanasahau hapa na makosa yanarudi. Ikiisha, fungua ndoa moja kutoka kwenye bekapu uone picha ziko.

Na ile habari ya akiba ndani ya mashini siikubali. Umeme ukirudi na nguvu unaunguza disiki zote mbili, mwizi anabeba zote mbili. Sisi wa Goma tunajua zaidi: tarehe 17 Januari 2002 lava ya mlima wa moto Nyiragongo ilipita katikati ya mji, tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena, siku chache baadaye watu wakaambiwa watoke, wengine Sake, wengine Bukavu, wengine Rwanda. Hakuna mutu alikimbia na mashini kichwani, lakini disiki ya nje inaingia kwenye mufuko. Weka moja kwa ndugu yako mji mwingine.

SWALI: Kwangu ni Linux, disiki niliyokopi inakataa kufunguka, inasema UUID, ile namba ya utambulisho ya volyumu, ni moja. (Mwanafunzi, Himbi)

JIBU: Mdogo wangu, ni ugonjwa ule ule. Andika blkid uone zinazofanana. Hakikisha ile kopi haijafunguliwa, kisha angalia mpangilio wake wa faili, blkid inauonyesha: kama ni ext4 tumia tune2fs -U random, kama ni XFS tumia xfs_admin -U generate. Kusoma tu mara moja kwa XFS, mount -o ro,nouuid inatosha. Kama ni Btrfs usifungue hata moja wakati zote mbili zimechomekwa, inaweza kuharibu data, chomoa moja kwanza. Na kama ile kopi imetajwa ndani ya /etc/fstab (orodha ya volyumu Linux inafungua ikiwaka), andika mule UUID mpya kabla ya kuwasha tena.