Oili ya giaboksi imekuwa nyeupe na beringi inasaga: nianzie wapi?

SWALI: Mhandisi, salaam aleikum. Mimi ni fundi wa pampu na jenereta hapa Likoni. Hoteli moja ndogo ya ufuoni imenipa kazi ya kutunza mtambo wao wa upepo, wa mtumba kutoka Denmark, kilowati 55, mapanga yake hayageuki pembe. Nilipopanda mnara nilikuta oili ya giaboksi ina rangi ya chai ya maziwa, na beringi ya mbele ya shafti kuu inasaga. Aliyenitangulia alikuwa akipiga grisi ya buluu kila wiki, lakini ya zamani naona ni ya kahawia. Bosi ataka nitie oili ya difu namba 90 kwa sababu ni rahisi. Nikubali? Na grisi nipige kiasi gani? – Fundi wa Likoni

JIBU: Waaleikum salaam, fundi. Oili ya difu usitie, sababu nitakupa. Lakini tuanze na huo weupe, maana ndio unaoula mtambo wenu kwa haraka zaidi.

Weupe huo ni maji, na si lazima mvua iwe imeingia. Giaboksi hupumua. Mtambo ukibeba mzigo, oili hupata moto na hewa ya ndani hutanuka ikatoka. Mtambo ukipoa usiku, hewa ya nje huvutwa ndani. Kwenu hewa hiyo ni ya bahari, ina unyevu na chumvi. Unyevu hugeuka matone kwenye kuta za ndani, matone yakateremka kwenye oili. Oili huweza kuficha maji kiasi fulani bila kubadilika rangi, kwa hiyo ukiona weupe ujue madhara yalianza kitambo. Kati ya rola za beringi na njia zinamoviringika, utando wa oili hupimwa kwa maikroni. Maji yakifika hapo utando hauwezi kubeba mzigo, chuma hugusana na chuma, na kutu huanza pale mtambo unaposimama.

Kwa hiyo mwaga oili yote ikiwa bado ina moto kidogo ili itoke na uchafu wake. Sumaku ya kizibo iangalie vizuri: ungaunga mwembamba wa kijivu ni wa kawaida, vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si vya kawaida. Suuza kwa kiasi kidogo cha oili ileile utakayotia, mwaga tena, badilisha filta, ndipo ujaze. Oili mpya nayo ipitishe kwenye filta, kwani ya pipa huwa na vumbi zaidi ya vile watu wanavyodhani.

Kisha shughulikia tundu la kupumulia, la sivyo utarudi hapohapo kabla ya mwaka. Weka kichujio chenye chembe za silika za kunyonya unyevu. Chembe hizo hubadilika rangi zikishiba, aina nyingine kutoka buluu hadi waridi, nyingine kutoka chungwa hadi kijani, na hapo hubadilishwa. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na giaboksi.

Baadaye, ukiwa na shaka, chukua tone la oili uliangushe juu ya bamba la chuma lenye joto la nyuzi 150 hivi, ukiwa umevaa miwani ya kazi. Likipasukapasuka na kutoa mlio, kuna maji. Kipimo cha maabara ni bora zaidi, na muulize anayekuuzia oili, kwani wauzaji wengi wakubwa huwapimia wateja wao.

Sasa hiyo ya difu. Nyingi za namba 90 ni nyepesi kuliko zile zinazotumika kwenye giaboksi za upepo, ambazo mara nyingi ni za sinthetiki, daraja la VG 320 (VG ni kipimo cha uzito wa oili). Tena, oili nyingi za difu zina viungo vya salfa vilivyokusudiwa meno ya ekseli ya gari, na viungo hivyo vinaweza kula shaba iliyomo ndani ya beringi. Soma kibao kilicho ubavuni mwa giaboksi ufuate daraja lililoandikwa. Kama kibao kimeliwa na chumvi, tafuta mwongozo wa mtengenezaji wa giaboksi, usikisie.

Kwenye beringi, ningetaka kwanza kujua kilichomo. Fungua kizibo cha kutokea grisi, pokea iliyotoka kwenye karatasi nyeupe, uipanue kwa kidole na kuisogezea sumaku. Chembe za chuma zinazong'aa maana yake njia imeanza kubanduka. Za rangi ya shaba hutoka kwenye kizimba kinachoshika rola. Ukizikuta, mwambie bosi aagize beringi. Grisi itapunguza mlio na kukupa muda, lakini chuma kilichobanduka hakirudi.

Kama grisi ni safi, basi mshukiwa wangu ni ule mchanganyiko. Mafundi wetu mjini hununua grisi kwa rangi, na rangi ni ya kutiwa kiwandani tu, haikuambii kitu. Grisi ni oili iliyoshikwa na kigandisho: huenda kigandisho hicho ni sabuni ya lithiamu, ya kalsiamu, au poliurea. Ukichanganya visivyopatana, lithiamu na poliurea kwa mfano, grisi inaweza kulainika ikatiririka nje, au ikakauka. Chagua moja, isukume mpaka ya zamani yote itoke, na uandike jina lake kwa rangi isiyofutika juu ya beringi ili atakayekuja baada yako asiharibu.

Hiyo grisi moja isiwe ya mtambo mzima, hata hivyo. Rota yenu, yaani mapanga na shafti yake kuu, huzunguka kama mara 50 kwa dakika, na kwa mwendo huo mdogo oili iliyo ndani ya grisi inapaswa kuwa nzito, kama VG 460. Jenereta huzunguka mara 1,000 au zaidi, nayo hutaka nyepesi zaidi, 100 hadi 150. Grisi ya rota ukiitia kwenye jenereta utaipandisha joto.

Kiasi: zidisha kipenyo cha nje cha beringi kwa upana wake, vyote kwa milimita, kisha zidisha kwa 0.005. Jibu ni gramu. Beringi namba 22220 ina kipenyo cha 180 na upana wa 46, kwa hiyo gramu 41. Pampu yako ya grisi ipime kwenye mizani ujue mkono mmoja unatoa gramu ngapi. Kila wiki ni kupita kiasi: grisi ikijaa hupata joto, huvunja sili, na chumvi huingia palipovunjika. Muda wa kurudia ni ule wa mwongozo. Mara nyingi ni miezi 6, ingawa karibu na maji hivyo mimi ningetia nusu kiasi kila miezi 3. Kazi kubwa ipange kwenye maleleji, kati ya kaskazi na kusi, upepo ukiwa umetulia. Rota ifungwe kwa pini kabla hujaingiza mkono popote.

Kule Loiyangalani, kwenye mitambo 365 ya upepo ya Turkana, adui mkubwa ni vumbi. Huku ni maji na kusimama. Nasikia hoteli nyingi za ufuoni hufunga msimu wa mvua, na mtambo ukifungwa breki kwa wiki kadhaa upepo huutikisa palepale, rola zikachimba vijishimo kwenye njia zake. Kila wiki, siku ya utulivu, achia breki uzungushe diski ya breki kwa mkono mizunguko kadhaa, kisha uisimamishe mahali tofauti na pa mwanzo. Usiiache izunguke yenyewe bila mzigo wa jenereta, kwa sababu mapanga yasiyogeuka pembe hayawezi kugeuzwa kuukwepa upepo ukiamka ghafla.