Vijiwe ndani ya jino

Ndugu uliyeuliza kutoka Mbale, vijiwe ulivyoonyeshwa kwenye eksirei ya gego lako havimaanishi kwamba lazima ling'olewe. Ni madini ya kalsiamu yaliyoganda ndani ya kiini laini cha jino, penye neva na mishipa ya damu. Vingine huanzia kwenye mabaki ya seli zilizokufa na kujijenga tabaka juu ya tabaka kama kitunguu, na vingine hutawanyika kandokando ya mishipa ndani ya mizizi. Huongezeka kadiri umri unavyosogea, na pia katika jino lililooza kwa muda mrefu au lililozibwa, ingawa hata vijana wenye meno mazima huwa navyo. Kwa kawaida haviumi, kwa hiyo kama unasikia maumivu, daktari atafute kwanza tundu, ufa au ugonjwa wa fizi. Vijiwe huwa kero hasa mizizi inapohitaji kusafishwa ndani, kwa kuwa huziba midomo ya mifereji inayopita ndani ya mizizi hiyo. Hapo huvunjwa taratibu kwa ncha inayotetemeka kwa kasi, kazi ya subira ambayo, kusema kweli, si kila kliniki ina kifaa chake. Kabla ya kukubali kung'oa, omba picha hiyo uipeleke kwa daktari mwingine, hata ikibidi ufike hospitali ya Mulago, Kampala.