Re: Dogo kamaliza form six, steshenari wanataka elfu 20 wamwombee chuo, nimpe?

Usimpe mkuu. Mimi nililipa hiyo hela hapa Kigoma, Mwanga, mwaka 2019, ngoja nikusimulie.

Matokeo yametoka Julai, niko home Ujiji, PCB, Kemia C, Bios C, Fizikia D. C ni pointi 3, D ni 2, jumla 8. Jamaa wa steshenari kuona tu matokeo akasema "PCB si udaktari huo", akanijazia MD (digrii ya udaktari) vyuo vitatu, Muhimbili ikiwemo, kwa namba yake ya simu na pasiwedi anayoijua yeye, nikaondoka zangu kama mtu aliyetoka kununua sukari. Na kweli sifa nilikuwa nazo maana MD walikuwa wanataka kuanzia pointi 6, ila kuwa na sifa na kuchaguliwa ni vitu viwili, wenye A na B zao wamejaa nchi nzima na nafasi zenyewe ndo hizo. Awamu ya kwanza nikatoka kapa.

Ndo nikashusha mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), nikakaa nao siku mbili. Aisee kumbe kila kozi wameandika masomo wanayotaka, pointi, hadi idadi ya nafasi! PCB ina kozi kibao, maabara, afya ya mazingira, ufugaji wa samaki pale SUA, chuo cha kilimo Morogoro. Mzee wangu alicheka sana, eti utoke ziwani uende Morogoro kusomea samaki.

Awamu ya pili nikarudi kwa jamaa (pasiwedi anayo yeye, ningefanyaje) ila kozi nikamtajia mwenyewe, nikachaguliwa vyuo viwili. Sasa ukichaguliwa zaidi ya kimoja lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu, na simu ni ya jamaa, na jamaa kaenda msibani Kasulu, hapatikani, zimebaki siku mbili dirisha lifungwe. Nilipanda gari hadi Kasulu nikamkuta kakaa turubaini na wafiwa, nampa pole huku namuomba simu, watu wananiangalia tu. Bado naona aibu hadi leo.

Mkopo wa chuo nao usisubiri matokeo. Uhakiki wa cheti cha kuzaliwa RITA (wakala wa vizazi na vifo) aanze leo, mimi jina lilipishana herufi moja na cheti cha form four nikahangaika wiki tatu. Halafu kuna muhuri wa serikali ya mtaa, mdhamini, wakili, hao wote huwapati siku moja.

Hiyo elfu 20 mnunulie bando, na laini iwe ya kwake na asiipoteze. Steshenari aende kuprinti tu.

Ila mkuu hujasema, dogo ana kombi (mchepuo) gani na pointi ngapi?