Kabla Hujailaumu Paini, Uliza Habari za Maji

Maswali ninayoletewa kuhusu paini huja kwa sura ya mashtaka. Mlango umepinda, kosa la paini. Rangi nyeupe imetoa madoa ya manjano, kosa la paini. Nyasi hazioti chini ya mti, basi paini ina sumu. Mimi naupenda mti huu. Nimepiga randa mbao zake kwa miaka mingi na miti yenyewe ninayo uani, na kadiri ninavyoifahamu ndivyo ninavyozidi kuona kwamba inasingiziwa. Karibu kila lawama, ukiifuatilia hadi mwisho, inakupeleka kwenye maji: yaliyobaki ndani ya ubao, yanayoingia kutoka nje, au yaliyokosekana kwenye udongo.

Nianze na mbao, maana huko ndiko watu wanakopoteza fedha.

Ubao wa paini uliopasuliwa leo waweza kuwa na maji yenye uzito unaozidi uzito wa ubao wenyewe ukiwa mkavu. Maji hayo hayatoki yote kwa namna moja. Yale yaliyojaa kwenye vitundu vya nyuzi hutoka kwanza, na yakitoka ubao haubadiliki umbo. Hapo ndipo mtu anapodanganyika akadhani ubao umeshatulia. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa mbao kavu, ndipo kuta za nyuzi zenyewe zinaanza kusinyaa, na hazisinyai sawa kila upande. Kufuata mzunguko wa miduara ya ukuaji, mbao husinyaa karibu mara mbili ya zinavyosinyaa kutoka gome kuelekea kiini. Tazama kichwa cha ubao uone miduara ilivyojikunja. Ubao ukikauka, miduara ile huelekea kunyooka, na kingo huinuka upande ule uliokuwa karibu na gome. Ukilijua hilo, unaweza kusema ubao utapindia wapi kabla haujapinda.

Samani za ndani zinataka mbao zenye unyevu wa asilimia 8 hadi 12 hivi, kutegemea hewa ya mahali. Mwenye kipimo cha unyevu kinachotumia umeme atajua papo hapo. Asiye nacho atumie mizani ya jikoni. Kata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, si kichwani, kwa kuwa kichwa hukauka mapema na kitakupa jibu la uongo. Kipime uzito. Kitie kwenye oveni yenye joto la nyuzi 103 za Selsiasi, uwe unakitoa na kukipima mpaka uzito ugome kushuka. Chukua uzito uliopungua, gawanya kwa uzito wa mwisho, zidisha kwa 100. Kipande kilichoanza na gramu 130 kikaishia gramu 100 kinakwambia ubao una unyevu wa asilimia 30, na meza yako isubiri. Kama huna oveni, kiweke kipande ndani ya nyumba na kukipima kila baada ya siku chache. Uzito ukishuka, ujue ubao ulikokikata bado mbichi.

Wakati wa kusubiri, namna ya kupanga mbao ni nusu ya kazi. Weka vijiti vikavu vya unene mmoja kati ya safu na safu, na kila kijiti kikae juu kabisa ya mwenzake wa chini, kwa sababu kijiti kilichohama kidogo tu kitaukunja ubao ulio juu yake. Mbao ziwe kivulini, penye upepo, zimeinuliwa kutoka ardhini, na juu ya tita weka kitu kizito. Vichwa vya mbao vipake rangi yoyote uliyobakiza, maana maji hutoka kwa kasi zaidi vichwani na ndiko nyufa zinakoanzia. Kwa mbao zinazokaushwa na hewa, kipimo cha mazoea ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, ingawa penye joto na upepo muda hupungua sana.

Mbao zikichelewa kupangwa hivyo huota ubuluu. Wengi huogopa wakazitupa. Ubuluu ule ni kuvu anayekula sukari na wanga uliomo kwenye mbao nyeupe za nje, na haudhoofishi ubao kwa kiasi cha kukutia wasiwasi. Haufutiki kwa msasa, kwani huingia ndani, lakini ukipaka rangi hauonekani tena. Ubao wa kuogopa ni ule unaobonyea ukiuchoma kwa ncha ya kisu. Huo umeoza.

Utomvu nao una habari yake, na hapa ukaushaji wa hewa pekee hautoshi. Utomvu wa paini ni vitu viwili vilivyochanganyika: tapentaini, ambayo huruka, na gundi ngumu inayobaki, ileile inayosuguliwa kwenye nyuzi za upinde wa fidla. Tanuri la kukaushia mbao likifika nyuzi 70 na kitu, tapentaini huondoka na utomvu ukaganda. Ubao ambao haujapitia joto hilo utaendelea kutoa matone kila unapopigwa na jua, hata miaka baadaye. Kwa hiyo fremu za madirisha zinazoelekea jua, milango ya nje na rafu zilizo juu ya jiko zitengenezee mbao za tanuri.

Madoa ya manjano yanayopenya rangi nyeupe hutoka kwenye vifundo, pale tawi lilipoungana na shina, kwa sababu utomvu umejaa hapo. Kuongeza makoti ya rangi ni kupoteza rangi. Futa kifundo kwa kitambaa chenye spiriti, acha kikauke, kisha kipake selaki, aina ya vanishi inayoyeyushwa kwa spiriti, mara mbili kabla ya praima, yaani rangi ya msingi, ukipitiliza kidogo nje ya duara la kifundo. Selaki huziba utomvu, rangi za kawaida haziwezi. Utomvu ukikushika mikononi, sugua kwanza mafuta ya kupikia, ndipo ufuate sabuni. Maji peke yake yatausambaza tu. Kwenye nguo, ugandishe kwa barafu uubandue kwa kisu butu, kisha maliza kwa spiriti, baada ya kujaribu kidogo kwenye pindo lisiloonekana.

Wanaotaka kuigeuza paini iwe na rangi ya mti mweusi hupata mabaka. Sehemu laini ya kila mduara hunywa rangi kwa pupa, sehemu ngumu hukataa. Tanguliza koti jepesi sana la selaki au vanishi iliyozimuliwa, piga msasa laini, ndipo upake rangi ya mbao. Mimi binafsi naona paini inapendeza zaidi ikiachwa na rangi yake. Mwanga wa jua utaigeuza polepole kuwa ya asali, na nakuomba usiache kitambaa au vyombo mahali pamoja juu ya meza mpya miezi mingi, la sivyo utakuta alama ya umbo lake.

Meza ya paini hubonyea, hilo ni kweli, ni mti laini. Lakini kibonyeo si kidonda cha kudumu. Nyuzi zikiwa zimekandamizwa tu, hazijakatika, dondoshea maji kwenye shimo, acha yaingie, funika kwa kitambaa kilicholowa kisha gusisha pasi ya moto kwa sekunde chache. Mvuke unaingia, nyuzi zinavimba, na ukiinua kitambaa utaona shimo limejaa au limebaki alama hafifu. Rudia ikibidi. Hufanya kazi vizuri kwenye ubao usio na vanishi. Wenye vanishi itabidi uikwangue kwanza sehemu ile. Napenda sana kumwonyesha mtu jambo hili kwa mara ya kwanza, kwa kuwa ni maji yaleyale anayoyalaumu.

Msumari ukipasua ubao karibu na kichwa cha ubao, toboa tundu dogo kwanza, au gonga ncha ya msumari kwa nyundo iwe butu. Ncha kali hutenganisha nyuzi kama kabari, ncha butu huzivunja na kujipenyeza.

Je, paini inafaa nje? Bila dawa, ikigusa udongo, haifiki mbali: nguzo huoza pale usawa wa ardhi, ambapo kuna maji na hewa pamoja. Uzuri wake ni kwamba sehemu ya nje ya shina hupokea dawa vizuri ikisukumwa kwa shinikizo, na ndiyo maana nguzo nyingi za umeme na uzio ni za paini. Dawa ya kupaka kwa brashi hubaki juu juu. Ukikata nguzo iliyotiwa dawa, ile sehemu uliyoikata imefungua njia kwa kuvu na mchwa, kwa hiyo ipake dawa upya na uielekeze juu, isiingie ardhini.

Hapa naomba unisikilize kwa makini. Mbao zilizotiwa dawa, hasa zile za zamani zenye rangi ya kijanikijani, usizichome kamwe, iwe jikoni au kwenye moto wa takataka. Dawa iliyotumika kwa miaka mingi ilikuwa ya shaba, kromiamu na aseniki, ambayo ni sumu. Marekani iliacha kuitumia kwenye mbao za majumbani mwishoni mwa mwaka 2003, lakini mbao zake bado zipo, na kwingineko dawa hiyo bado inatumika. Ukizichoma, aseniki huenda kwenye moshi na nyingine hubaki kwenye majivu, na majivu yale watu huyamwaga bustanini. Unga wake wa msumeno nao usiwatandikie kuku.

Paini isiyo na dawa inafaa kuwa kuni. Huwaka upesi, ina moto mkali, huisha haraka. Lawama kwamba huziba dohani kwa masizi yenye lami inahusu kuni mbichi za mti wowote: maji yanapochemka ndani ya kuni, moto hupoa na moshi hugandia kwenye bomba. Kuni zikishuka chini ya asilimia 20 ya unyevu, tatizo hilo hupungua sana. Cheche ndizo zake kweli, kwa hiyo usiiache ikiwaka kwenye moto wa wazi bila mtu.

Sasa twende bustanini. Sindano za paini zikiwa mbichi zina tindikali, lakini zinapooza tindikali hiyo hupotea, na kuzitandaza juu ya udongo hakuubadilishi kwa kiasi cha kudhuru mboga. Nazitumia kama matandazo bila hofu: hazipeperuki ovyo, hazishikani zikazuia mvua, na huoza taratibu. Unga mbichi wa mbao ndio wa kuangalia. Uache juu ya udongo tu. Ukiuchimbia ndani, vijidudu vinavyouozesha vitachukua naitrojeni ambayo mimea yako ilikuwa inaihitaji.

Nyasi hazioti chini ya paini kwa sababu ya kivuli, mizizi ya juu inayofyonza maji, na majani yanayonasa mvua nyepesi kabla haijafika chini. Chimba kidogo baada ya manyunyu uone udongo ulivyo mkavu. Kumwaga chokaa hakutasaidia. Panda mimea inayovumilia kivuli na ukame, au acha zulia la sindano lilivyo, ila lizolee mbali na ukuta wa nyumba na uzitoe zilizojaa kwenye mifereji ya paa, maana huwaka upesi.

Sindano zikigeuka manjano ndani ya mti, karibu na shina, usihangaike. Kila sindano huishi miaka michache kisha hudondoka, na zinazodondoka ni zile kongwe. Manjano yakianzia nchani mwa matawi ndipo uchunguze: maji yaliyotuama kwenye mizizi, ukame, wadudu, ugonjwa. Na tafadhali usikate kilele kuupunguza urefu. Aina nyingi za paini hazichipui kwenye tawi lisilo na sindano, kwa hiyo utabaki na kisiki kinachooza juu ya mti. Ukitaka uwe mfupi, vunja nusu ya urefu wa kila chipukizi jipya likiwa bado laini.

Kwa anayepanda, jambo moja linasahaulika. Paini huishi kwa ubia na kuvu wa mizizini, na mahali ambapo haikuwahi kuota, miche mara nyingi ilidumaa mpaka ulipoletwa udongo kutoka chini ya mipaini mikubwa. Konzi moja ya udongo huo ndani ya shimo inatosha, mradi unatoka chini ya mti wenye afya. Mwagilia vizuri mwaka wa kwanza, kisha punguza. Panda mbali na nyumba kwa umbali unaolingana na urefu wa mti ukishakua, wala usiutazame mche.

Mbegu zake zinaliwa, kwa aina zenye mbegu kubwa. Baadhi huacha uchungu mdomoni unaoanza siku moja au mbili baadaye na kuharibu ladha ya kila chakula kwa siku kadhaa, wakati mwingine hata wiki mbili. Huisha wenyewe. Chai ya sindano mama mjamzito asiinywe. Na mwenye ng'ombe asiwaache wenye mimba wale matawi: huko magharibi mwa Marekani sindano za paini ya ponderosa zinajulikana kuharibu mimba, hasa ikishakuwa kubwa. Ukipogoa, matawi yasitupwe karibu na zizi.