Kompyuta moja, mikono mitatu: maswali yenu kwa Fundi

Barua ya kwanza

Fundi mwanangu, hujambo? Mimi ni mwalimu mstaafu, nina steshenari ndogo karibu na chuo hapa Morogoro. Kompyuta tunayo moja na tunaitumia watatu: mimi, binti wa zamu ya asubuhi na kijana wa zamu ya jioni. Ilikuwa inawaka moja kwa moja bila kuuliza chochote, ndivyo ilivyotoka dukani. Hesabu zangu za mauzo na madeni nimeziweka diski D, na folda yenyewe nimeificha isionekane. Juzi nafungua nakuta deni la mteja mmoja limefutwa. Nikauliza, kila mmoja anamtazama mwenzake. Kabla hilo halijapoa, kijana akaweka paswedi yake bila kuniambia, akaondoka kwenda msibani Ifakara, simu haipatikani, duka likalala. Fundi wa jirani akataka kupiga windo upya, yaani kuweka Windows upya, nikamkatalia. Sasa kijana amerudi na paswedi ninayo. Nataka kuifunga folda yangu, lakini vijana waendelee na kazi. Nimeambiwa nikimpa kila mtu akaunti yake itabidi printa iwekwe mara tatu. Ni kweli?
*Mama Steshenari, Morogoro*

Shikamoo mama. Pole kwa usumbufu, na hongera kwa kumkatalia huyo fundi. Angeweza kufuta diski nzima kwa sababu ya kitu ambacho kijana mwenyewe angekiondoa kwa dakika mbili akirudi.

Folda tuiache kwanza. Kompyuta yako haimjui binti wala kijana, wala wewe haikujui. Inachojua ni akaunti, na nyote watatu mnaingia kwa akaunti moja. Kwa Windows, aliyeandika deni na aliyelifuta ni mtu yuleyule. Ndiyo maana hakuna folda utakayoweza kumfungia mmoja na kumwachia mwingine, na ndiyo maana hata mimi nikija hapo leo siwezi kukuambia nani alifuta. Kuificha folda hakusaidii kitu: ukifungua dirisha la mafaili, kwenye menyu ya mwonekano kuna kijisanduku cha kuonyesha vilivyofichwa. Mwanafunzi wa kidato cha pili anakijua.

Fanya hivi, na tafadhali ufuate mpangilio huu, kwa sababu wengi hujifungia nje kwa kuanza na hatua ya mwisho. Ingia kwenye mipangilio, ile alama ya gia, uende kwenye akaunti, kisha watumiaji wengine. Ongeza mtumiaji mpya. Windows itakung'ang'ania uipe barua pepe. Usibishane nayo, angalia chini ya kisanduku, kuna mstari wa kusema huna taarifa za mtu huyo. Ubofye, kisha ubofye mstari wa kuongeza mtumiaji bila akaunti ya Microsoft. Mpe jina Msimamizi, mpe neno la siri, jibu na yale maswali matatu ya kukusaidia siku ukisahau. Halafu rudi kwenye orodha, ibofye akaunti hiyo na ubadilishe aina yake iwe ya msimamizi, yaani yenye mamlaka ya kuweka programu na kubadilisha mipangilio ya kompyuta nzima. Akaunti ya kawaida haina mamlaka hayo.

Sasa toka, uingie kwa akaunti hiyo mpya uone kama kweli inafunguka. Ikifunguka, ukiwa humohumo, ishushe ile akaunti ya zamani iwe ya kawaida. Hiyo itabaki yako wewe, na vitu vyako vyote vitakuwa palepale. Kisha watengenezee binti na kijana akaunti zao, nazo za kawaida. Mwisho ingia kwenye akaunti yako, bonyeza Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja, uchague kubadilisha neno la siri, maana la sasa kijana analijua.

Akaunti ya Msimamizi si ya kufanyia kazi. Neno lake la siri liandike kwenye karatasi, karatasi ikae nyumbani, si chini ya kibodi. Vijana wakitaka kuweka programu mpya, Windows itawadai neno hilo. Utapigiwa simu saa mbili usiku: "Mama, nitumie paswedi mara moja, kuna programu ya kubadilisha PDF." Usiitume. Siku utakayoituma ndiyo siku wote mtakuwa wasimamizi, na haya yote umeyafanya bure. Programu hiyo itasubiri asubuhi, uiandike paswedi wewe mwenyewe kwa mkono wako.

Printa inawekwa mara moja tu. Ikishawekwa, kila akaunti inaiona. Kitu pekee ambacho kila mmoja anaweza kujichagulia ni printa ipi iwe ya kwanza. Word na Excel vilevile. Kitakachowasumbua ni WhatsApp, najua steshenari siku hizi nusu ya kazi zinaingia kwa njia hiyo. Kila akaunti ya Windows itataka kuunganishwa na simu ya duka upya, na kila muunganisho unahesabiwa kama kifaa kimoja. Simu moja inaruhusu vifaa vinne, kwa hiyo nyinyi watatu mnatosha na nafasi moja inabaki.

Haya, folda. Mambo mengi mtandaoni yatakuelekeza moja kwa moja kwenye ruhusa, yaani orodha ya nani anaweza kufanya nini kwenye folda, lakini wewe huzihitaji kwa ajili ya hesabu zako. Kila akaunti ina folda zake za nyaraka, picha na eneokazi, na mtumiaji wa kawaida hawezi kufungua za mwenzake. Tatizo lako ni diski D. Hapa Tanzania mafundi wana mazoea ya kugawa diski mara mbili na kumwambia mteja "vitu vya maana weka D", na ushauri huo ni mzuri siku windo likiharibika, lakini D ikiachwa ilivyo ni baraza la wote: kila mwenye akaunti anaweza kusoma, kubadilisha na kufuta. Nakili hesabu zako ziingie kwenye folda ya Nyaraka ya akaunti yako, hakikisha zinafunguka, ndipo ufute zile za D. Nimesema kunakili na si kukata makusudi, ili zile za zamani zibaki D mpaka uhakikishe nakala zinafunguka.

Ruhusa utazihitaji kwa kitu kingine ambacho hukukitaja ila lazima unacho: mifano ya mikataba ya pango, barua za maombi ya kazi, fomu za utambulisho. Hizo vijana wanatakiwa kuzifungua bila kuziharibu. Ukiwa kama Msimamizi, tengeneza folda MIFANO kwenye D. Ibofye mara moja, bonyeza Alt na Enter. Katika vichupo vya juu, cha tatu ndicho cha usalama. Fungua kitufe cha mipangilio ya ziada, zima urithi wa ruhusa ili folda isichukue tena ruhusa za D, na ikikuuliza, chagua kuzigeuza ruhusa zilizopo ziwe za folda hiyo yenyewe. Sasa utaona majina. Liondoe lililoandikwa Authenticated Users. Hilo ndilo lililokuwa likimruhusu kila mtu kubadilisha. Ongeza jina la akaunti yako na ulipatie ruhusa ya kurekebisha. Users, yaani kundi la watumiaji wote wa kompyuta hiyo, waache na kusoma kwao. Kuanzia hapo kijana akifungua mkataba wa pango, Word itamwambia ni wa kusoma tu, naye atalazimika kuuhifadhi kwa jina jingine kwenye folda ya kazi za wateja. Mfano wako unabaki salama.

Utaona pia safu ya vijisanduku vya kukataza. Usiviguse. Katazo linaishinda ruhusa, na ukilikatazia kundi la Users umejikataza na wewe, kwa sababu umo humo. Ukitaka kumnyima mtu, acha tu kumwandika.

Wakati wa kubadilishana zamu, anayeondoka atoke kabisa kwenye akaunti yake, asifunge skrini tu. Akifunga skrini, programu zake zote zinaendelea kukaa kwenye kumbukumbu, na kompyuta ya GB 4 itaanza kukokota miguu mbele ya foleni ya wateja. Kufunga skrini, yaani kitufe cha Windows pamoja na L, ni kwa anayekwenda kununua maandazi.

Ujue na mipaka yake. Ruhusa hizi haziendi na faili kwenye flashi: flashi nyingi hupanga mafaili kwa mifumo ya FAT32 au exFAT, ambayo haina mahali pa kuhifadhi ruhusa. Hesabu zako zikishaingia kwenye flashi, yeyote anayeiokota anazisoma. Na Msimamizi anaweza kufika popote, hata kwenye Nyaraka zako, kwa hiyo rudi kwenye ile karatasi ya nyumbani.

Jambo moja hukuuliza, nalo linanisumbua kuliko deni lako. Vyeti vya shule, nakala za vitambulisho vya NIDA na wasifu wa kazi za wateja mnavihifadhi wapi? Nimeshakaa kwenye steshenari nikisubiri kopi, nikasoma majina kamili ya watu kumi kwenye eneokazi bila kugusa kipanya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na duka lako si dogo mno kiasi cha kuifanya isikuhusu. Faili la mteja likishachapwa na mteja akaondoka, lifuteni kwa Shift na Delete. Ukibonyeza Delete peke yake linakwenda kukaa kwenye pipa la taka, na mteja anayefuata akiomba kukaa kwenye kiti atalikuta.

Barua ya pili

Kwako Fundi, salaam. Ni mwalimu wa taaluma katika shule ya sekondari, Lindi. Ofisi ya walimu ina kompyuta moja na alama zote zinaingizwa kwenye faili moja la Excel. Nimeweka neno la siri kwenye kurasa za Excel ili kila mwalimu asiguse somo la mwenzake, lakini mwalimu mmoja kijana amelifungua mbele yangu huku akicheka. Nifanyeje?
*Mwalimu wa Taaluma*

Mwalimu, huyo kijana amekusaidia. Lile neno la siri la kufunga kurasa limewekwa kuzuia mtu asifute kanuni kwa bahati mbaya. Halifungi kitu mbele ya mtu aliyekusudia. Excel ina neno jingine la siri, la kufungulia faili lenyewe, na hilo tangu Office 2007 husimba faili zima kwa kweli, yaani hulifanya lisisomeke bila neno hilo. Ila hilo ukilisahau, alama za muhula zimekwenda na hakuna wa kukurudishia. Isitoshe, ukiwapa walimu wote neno hilo moja, mmerudi palepale.

Likate faili. Kila mwalimu awe na akaunti yake ya kawaida kwenye kompyuta, na kila somo liwe na folda yake ndani ya folda ya MATOKEO. Mwalimu wa Jiografia apewe ruhusa ya kurekebisha folda ya Jiografia tu, wewe upewe ya kusoma zote na kurekebisha ile ya majumuisho. Namna ya kuweka ruhusa nimeieleza hapo juu kwa mama wa Morogoro, ni ileile. Faida utakayoiona haraka ni kwamba kila faili jipya litakuwa na mmiliki mwenye jina, badala ya "user" kwenye kila kitu. Na mkuu wa shule akikuomba neno la siri la msimamizi kwa sababu tu ni mkuu, mtengenezee akaunti yake ya kusoma. Kwa heshima zote.

Tahadhari: mwalimu akisahau neno lake la siri, wewe kama msimamizi unaweza kumwekea jipya, lakini maneno ya siri aliyoyahifadhi kwenye kivinjari chake yanaweza kupotea. Mwambie kabla hujabofya.

Barua ya tatu

Niaje Fundi. Sisi ni wanafunzi wa uhandisi hapa Eldoret, tuna kompyuta ya mradi wetu inayotumia Ubuntu badala ya Windows. Kila mtu ana akaunti yake lakini faili akitengeneza mmoja, wengine hawawezi kulihariri. Tumeshauriwa tupige chmod 777 kwa folda yote na mambo yaishe. Sawa?
*Kikundi cha mradi, Eldoret*

Poa sana. Mambo hayataisha, yatahamia kwingine. Amri ya chmod hugawa ruhusa kwa namba: kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha ni 1. Vikijumlishwa ni 7. Saba tatu maana yake mwenyewe, kikundi, na dunia nzima, kila mmoja anafanya atakalo, pamoja na programu yoyote inayoendeshwa kwa akaunti nyingine kwenye mashine hiyo. Na faili jipya la kesho halitakuwa 777, kwa hiyo mtarudia kila siku.

Tengenezeni kikundi kwa `sudo groupadd mradi`, muongeze kila mmoja kwa `sudo usermod -aG mradi jina`. Ile herufi a msiisahau. Bila hiyo mtu anatolewa kwenye vikundi vyake vingine, kikiwemo cha sudo kinachompa mamlaka ya msimamizi. Folda iwekeni nje ya nyumba ya mtu, yaani folda yake binafsi, tuseme `/srv/mradi`, kwa sababu tangu Ubuntu 21.04 nyumba za watumiaji wapya hufungwa kwa 750 na wengine hawapiti mlangoni. Kisha `sudo chgrp -R mradi /srv/mradi`, na `sudo chmod 2770 /srv/mradi`. Ile 2 ya mbele ndiyo inayofanya kila faili jipya ndani yake lizaliwe likiwa la kikundi. Mafaili ya zamani yapeni `sudo chmod -R g+rwX /srv/mradi`, X kubwa, isije kila picha ikawa programu.

Halafu kila mtu atoke kwenye akaunti aingie upya. Kabla ya hapo mfumo bado hautambui kwamba amejiunga na kikundi.