Rottweiler wangu amepinda miguu, niongeze kalsiamu?

SWALI: Daktari, salamu. Nina mtoto wa mbwa, dume, Rottweiler wa miezi 4. Anakula chakula cha punje cha watoto wa mbwa na bakuli lake halikauki mchana kutwa. Kila jioni namwongezea kijiko cha unga wa kalsiamu, maana niliambiwa mbwa mkubwa lazima ajengwe mifupa mapema. Amenona vizuri, lakini miguu ya mbele imeanza kupindia nje na akiamka huchechemea. Niongeze kalsiamu? Tena ninaye jike, German Shepherd wa miaka 8. Je, nimpunguzie nyama kwa sababu ya uzee?

JIBU: Usiongeze, ndugu yangu. Huo unga uuache leo, na wiki hii umpeleke kwa daktari wa mifugo ampige eksirei. Miguu ikishaanza kupinda kwa mbwa anayekua, kila wiki ina maana.

Mbwa mzima akipewa kalsiamu kupita kiasi, utumbo wake huchukua inayomtosha na nyingine hutoka na kinyesi. Mtoto hadi kufikia kama miezi 6 hana kizuizi hicho. Sehemu kubwa ya unachompa huingia mwilini, na huvuruga gegedu za ncha za mifupa, mahali penyewe mfupa unaporefukia. Chini ya kiwiko mguu wa mbele una mifupa miwili ambayo inapaswa kurefuka pamoja. Mmoja ukichelewa, mwenzake unaoendelea kukua hauna njia ila kupinda. Ndicho ninachohofia kwa huyu wako.

Na hilo bakuli lisilokauka nalo liondoe. Kumshindilia hakumfanyi awe mkubwa zaidi ukubwani, kwa kuwa kimo chake amekirithi kwa wazazi. Kunamharakisha tu, na uzito unatangulia kulemea mifupa ambayo bado laini. Mpe milo 3 kwa siku hadi atimize miezi 6, kisha 2 maisha yake yote. Baada ya robo saa ondoa kilichobaki. Kisha mpapase ubavuni: mbavu zihisike bila kubonyeza, kama mifupa ya mgongo wa kiganja chako, na ukimtazama kutoka juu uone kiuno. Mimi nauamini mkono huo kuliko mizani.

Tafuta chakula kilichoandikwa kuwa ni cha ukuaji wa mbwa wa mbegu kubwa, chenye kalsiamu isiyozidi asilimia 1.8 ukiondoa maji. Wala usikimbilie nyama tupu: ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, nayo hudhoofisha mifupa. Chakula cha mbwa wazima mhamishie akikaribia mwaka na nusu, ukichanganya kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10.

Wamiliki wengi huona huruma kumpimia mbwa chakula. Huko Marekani, Labrador walifuatiliwa tangu utotoni hadi kufa, kila mmoja akilinganishwa na ndugu yake aliyepewa robo pungufu. Matokeo yalichapishwa 2002: waliopunguziwa waliishi karibu miaka 2 zaidi, na maumivu ya viungo yaliwachelewa.

Jike wako wa miaka 8 kweli ni mzee, mbegu kubwa huzeeka mapema. Lakini nyama usimpunguzie kwa sababu ya umri peke yake. Misuli ya mapaja itasinyaa. Apimwe damu na mkojo kwanza, na figo zikiwa nzima protini ibaki. Akianza kunenepa, punguza jumla ya chakula. Mafuta ya samaki humsaidia viungo, kipimo akupe daktari wake. Milo 2 kwake ni lazima, kwani mbwa wa kifua kirefu kama yeye yuko katika hatari ya tumbo kujaa gesi na kujipinda. Ukiona tumbo limevimba naye anajaribu kutapika bila kutoa kitu, usisubiri asubuhi. Mkimbize kwa daktari saa hiyohiyo.